Ziwa Lipo, Samaki Wameisha

Hivi wana Kigoma wenzangu, nyie mkiwatoa wake zenu mtoko huwa mnarudi nyumbani bado mnaongea? Maana mimi hii starehe siielewi, natoa hela yangu mwenyewe halafu narudi na njaa, na lawama juu.

Tuanze na samaki. Umekaa zako kwenye vimgahawa vya huku chini ufukweni, kiti cha plastiki kinadidimia mchangani mguu mmoja mmoja, mbele yako Ziwa Tanganyika mpaka milima ya Kongo unaiona kule ng'ambo, ziwa la pili kwa kina dunia nzima, mita 1,470 kwenda chini, nchi nne zinaligawana na bado linatosha, halafu anakuja kijana kavaa aproni anakwambia kaka samaki wameisha. Wameisha wapi, ziwani? Mgebuka? Hamna. Kuhe? Kuhe mpaka uagize mapema kaka. Sangala? Hapo anageuka anaangalia jikoni kidogo, unapata tumaini, anarudisha uso: sangala alikuwepo mchana. Haya dagaa basi, dagaa wa Kigoma wanaouzwa mpaka Dar huko na watu wanajisifia wamekula, dagaa tu. Anacheka. Kaka si unauona mwezi.

Na huo mwezi ndio chanzo cha ugomvi kwangu. Mama Asha anapenda mbalamwezi. Siku za mtoko anachagua yeye, anatoka nje anatazama juu anasema baba Asha leo kumependeza, twende tukakae ziwani. Sasa mtu yeyote aliyekulia huku anajua dagaa ni samaki wa giza, wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa zao, zamani karabai siku hizi za sola na za betri, dagaa wanafuata mwanga wanajikusanya juu ya wavu wanainuliwa. Mwezi ukijaa ziwa zima linawaka, dagaa afuate taa yako ya nini? Kila mmoja yuko huko anazurura na hamsini zake, mitumbwi imelala mchangani, wavuvi wanashona nyavu, dagaa wabichi wanaadimika na bei inapanda. Yaani usiku mzuri wa mapenzi ndio huohuo usiku mbovu wa kula. Nikimwambia mke wangu tusubiri giza tutakula vizuri, ananiuliza mbona nataka kumpeleka gizani, tunaibia?

Mwaka 2024 ndio nilikoma kabisa. Ziwa likafungwa, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti hakuna kuvua, samaki wapumzike wazaliane. Sina ugomvi na hilo, samaki walikuwa wamepungua kweli na wavuvi wenyewe walikuwa wanalisema. Ugomvi wangu ni kwamba besdei ya mama Asha iko Juni. Tukaenda palepale ufukweni, kijana kaja mbio uso umejaa furaha, kaka leo samaki yupo! Samaki gani? Sato. Sato katoka wapi na ziwa limefungwa? Kutoka Mwanza kaka. Jamani. Samaki kazaliwa Ziwa Victoria, kapanda gari, kapigwa vumbi njiani, kaja kuliwa na mtu ambaye miguu yake iko ndani ya maji ya Tanganyika. Mimi mwenyewe Mwanza sijafika. Nimekaa namtazama yule sato kwenye sahani nikaona huyu ana mambo mengi ya kunisimulia kuliko mimi.

Menyu ndio usiseme. Siku hizi kila kimgahawa kina menyu ya plastiki ngumu, kurasa nne, ina piza, ina baga, ina picha ya kamba wakubwa waliopangwa kwenye barafu, kamba wa bahari ya wapi sijui. Mimi nilishaacha kuigusa, namuuliza kijana moja kwa moja, mdogo wangu kipo nini? Anajibu chipsi kavu, chipsi mayai, wali maharage, kuku yupo ila ndio tunataka tumchinje. Tumemaliza, dakika moja, maisha yaendelee. Lakini mama Asha hakubali, anasema nimelipa nauli ya bajaji kutoka Mwanga mpaka hapa lazima nisome (nauli nililipa mimi, sawa tuendelee). Anasoma yote. Anaweka kidole kwenye piza, kijana anasema hamna dada. Kidole kinashuka kwenye baga, hamna dada. Juisi ya parachichi? Parachichi lipo ila blenda imekufa. Wanakwenda hivyo kwa heshima kubwa mpaka ukurasa wa mwisho, halafu anafunga anasema basi niletee chipsi mayai. Na ile sura anayonigeukia nayo ni utadhani blenda nimeiua mimi.

Kisha subira. Ukiagiza unaambiwa inakuja. Hili neno linaumiza kwa sababu ukilisikia unaona kabisa sahani iko njiani. Juzi nimekaa nimeelekea mlango wa jikoni, nimeagiza mgebuka na ugali wa muhogo, siku hiyo kwa bahati mgebuka alikuwepo, nikaambiwa inakuja, mara namuona dogo mmoja anatoka mlango wa nyuma na baiskeli na kikapu kitupu. Nikajisemea huyo anaenda zake kwao. Baadaye sana anarudi, kikapu kina nyanya, kitunguu na mfuko wa mkaa. Ndio nikajua oda yetu imeanza sasa hivi. Limao likasahaulika dogo akarudishwa tena sokoni. Stanley alimtafuta Livingstone kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka akamkuta hapo Ujiji 1871, na hakuwa na baiskeli, limao la Mwanga linashindikanaje?

Halafu pale juu ukutani kuna tivii. Nimeshasema hii sio sehemu ya kuangalia mpira, nimemtoa mke wangu. Lakini Yanga akiwa anacheza macho yangu yanajiongoza yenyewe, siyatumi mimi. Mama Asha hasemi kitu, anasogeza tu kiti chake taratibu mpaka kichwa chake kinaziba tivii, anaendelea kunihadithia habari za dada yake na kiwanja cha Gungu. Watu wakipiga kelele goli nakuwa sijui ni la nani.

Lakini kitu kinachonimaliza kuliko vyote ni karibu. Tumelelewa hivyo, ukiwa unakula mtu akipita unasema karibu, naye anasema ahsante, anapita, kila mmoja katimiza wajibu wake. Kigoma hii mji mdogo, ukikaa mgahawani wanapita watu wote uliowahi kusoma nao. Sasa hiyo juzi mgebuka wetu ndio umefika, mmoja, mkubwa, umelala ndani ya mawese mekundu yanatoa moshi, ugali pembeni, tumenawa, nimemega tonge la kwanza, anapita fundi aliyetuwekea milango nyumbani. Nikasema karibu fundi, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kupita nayo. Fundi akasimama. Akaangalia mgebuka. Akasema ee bwana, nimetoka kazini sijatia kitu tumboni, akavuta kiti, akamwita kijana alete maji ya kunawa. Jagi likaja, akanawa mikono miwili mpaka kwenye viwiko, akakung'uta, akaanzia kichwani. Mgebuka kichwa ndio mwenye utamu wote na kila mtu Kigoma anajua. Mama Asha ananitazama mimi na huku mdomo unamwambia fundi karibu shemeji jisikie nyumbani. Na bado ninamdai fundi kitasa cha chumbani, mlango unafungwa kwa kamba mpaka leo, lakini nitamdai vipi mtu anatafuna? Alipomaliza alisema Mungu awabariki, akaondoka kwa miguu yake, sisi tumebaki na mfupa wa katikati na mchuzi.

Tukaomba chipsi mayai nyingine. Inakuja.

Haya, nimerudi kwa mke wangu sasa, maana mgahawa ni nusu tu ya mateso. Yeye mwenyewe ndiye anayelalamika simtoi, wenzake wanatolewa, wanapiga picha wanaweka stetasi, yeye yupo tu. Sawa namtoa. Tukifika anageuka mkaguzi. Chakula kikitua mezani hali kwanza, anakipigia hesabu. Huyu mgebuka Kibirizi asubuhi mitumbwi ikifika namchukua kwa bei gani, ugali huu unga wake kisadolini bei gani, mawese kijiko kimoja, nyanya mbili, mkaa, anajumlisha kwa sauti na kijana wa watu bado amesimama hapo ameshika trei. Halafu anatamka jumla. Halafu anatamka bei ya menyu. Halafu ananyamaza ili mimi nijisikilizie. Kwa hela hii baba Asha ningepika tukala sisi, mama mwenye nyumba na wale wapangaji wa nyuma.

Na akionja ndio balaa. Mawese haya hayajakaangwa yakaiva, yananuka ubichi, mtu hajui mawese anafungua hoteli Kigoma? Anamuita mhudumu amnusishe. Chumvi ndio usizungumzie, mama Asha kwao Uvinza, watu wanaochemsha chumvi tangu enzi, chumvi yao ilikuwa inatembezwa mbali kabla hata Mjerumani hajaleta reli hapa, kwa hiyo hakuna chakula duniani kitakachomtosha chumvi. Anatembea nayo kwenye mkoba, imefungwa kwenye kakaratasi ka nailoni. Siku moja ameinyunyiza kwenye chipsi, askari wa meza ya jirani akageuka akaangalia ule unga mweupe, nikaanza kujieleza bila kuulizwa.

Kulipa nako. Bili ikija, taslimu chenji hamna, chukua soda. Soda nimeshakunywa. Basi lipa kwa simu. Lipa namba ipo ukutani imebandikwa vizuri kabisa, ila kijana anakwambia hiyo inasumbua kaka, tuma kwenye namba hii ya bosi, halafu weka na ya kutolea. Yaani samaki nimesubiri, kichwa kala fundi, na bado nimlipie bosi nauli ya kwenda kuitoa hela yake. Natuma, mtandao unazunguka, kijana amesimama hapo anatabasamu hataki kuonekana ananilinda, lakini ananilinda.

Sasa wiki iliyopita mama Asha kashindwa kuvumilia, mgebuka umeletwa umekauka, akanyanyuka na mkoba wake akaingia jikoni. Nikasema leo tunafukuzwa na picha zetu zinabandikwa mlangoni. Nasikia sufuria zinagongana, nasikia anasema lete kitunguu, hapana sio hivyo, yaache kwanza yaive. Mteja wa meza nyingine akauliza kuna nini, nikajifanya sisikii, nilikuwa naangalia mpira kwa uhuru kwa mara ya kwanza. Katoka baadaye jasho linamtiririka, nyuma yake mwenye mgahawa mwenyewe ameshika kalamu, wanacheka. Kumbe wameshaelewana. Shangazi yake mama Asha yuko pale Kibirizi anapokea samaki mitumbwi inapotua, mama Asha atakuwa anachukua kwa shangazi alfajiri analeta hapa, mawese pia ataleta yeye, na chumvi.

Kwa hiyo siku hizi ndoo zinalala kwangu. Friji langu limejaa migebuka, maji yangu ya baridi yamehamishiwa kwa jirani, alfajiri bodaboda anapiga honi nje namfungulia mimi. Nikadhani basi habari ya mtoko imekufa, si samaki tunao ndani tele. Jumamosi mama Asha kavaa, anasema twende, ni lazima nikaone wanavyowapika wasije wakaniharibia jina. Tumekaa viti vyetu, mgebuka umekuja, nimeutambua kabisa, ule wenye mkwaruzo mkiani niliubeba mimi mwenyewe kwenye ndoo. Umepikwa vizuri kusema ukweli. Bili imekuja bei ileile ya menyu, hata shilingi haijapungua. Nikamwita kijana nikamwambia mdogo wangu huyu samaki alilala kwangu, nipunguzie. Akasema kwa heshima zote, kaka mimi sina mamlaka hayo, bei tumepandishiwa na saplaya, labda uongee naye.

Nikamgeukia saplaya. Saplaya anafuta mdomo kwa tishu, anaangalia watu waliosimama mlangoni. Akasema lipa baba Asha, wateja wanasubiri meza, na usisahau ya kutolea.