Kikokotoo cha Grafu na Programu za Kupeana

Maagizo ya karatasi ya Hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya, humruhusu mtahiniwa kuingia na kikokotoo, mradi kiwe kimya na kisiwe cha kupangiwa programu. Sharti hilo fupi limeamua hata bidhaa zinazojaa katika maduka ya vifaa vya shule kutoka Nakuru hadi Kisumu: Casio fx-82 na jamaa zake zinapatikana kwa urahisi, ilhali kikokotoo cha grafu, chenye kioo kipana na kumbukumbu ya kuhifadhi programu, wengi hukutana nacho wakishafika chuo kikuu, Maseno au Egerton, na mara nyingi hukutana nacho katika simu inayoiga mashine yenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo shule ya upili haikuwahi kulikabili: mwanafunzi anayeandika programu ya kutatua milinganyo ya kwadratiki kisha akamtumia mwenzake kwa WhatsApp, amemfaa au amemharibia?

Wanaotetea uandishi wa programu wana hoja nzito. Mashine haielewi kudokezewa. Ni lazima iambiwe kila kitu. Anayeandika programu ya kwadratiki, yaani ya kutatua ax² + bx + c = 0, hulazimika kukokotoa kwanza b² − 4ac, aamue la kufanya iwapo jibu ni hasi, kisha agundue kwamba a ikiwa sifuri mashine itagoma kwa sababu imeambiwa igawanye kwa sifuri. Mwanafunzi aliyekariri kanuni hiyo tangu kidato cha tatu huenda hajawahi kujiuliza kwa nini a haipaswi kuwa sifuri, lakini programu itamuuliza siku ya kwanza.

Kupeana nako si jambo geni. HP-65 ya mwaka 1974, kikokotoo cha kwanza cha mkononi kilichoweza kupangiwa programu, ilihifadhi programu hizo kwenye kadi ndogo za sumaku, na watumiaji wake walibadilishana kazi zao. Shida ni kwamba programu husafiri bila mazoea ya aliyeiandika. Tuchukue kanuni ya trapeza, inayokadiria eneo chini ya mkunjo kwa kuligawa katika vipande na ambayo kila mtahiniwa wa KCSE huifahamu, tuipangie mashine ikadirie eneo lililo chini ya sin x kutoka 0 hadi π. Vipande vikiwa vingi na mashine ikiwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe mbali na digrii, jibu hukaribia 2. Mwenzako akiipokea programu hiyohiyo huku mashine yake ikiwa kwenye digrii, kama wengi wetu tulivyozoea tangu shuleni, atapata takriban 0.086, bila onyo lolote. Mwandishi angeshtuka mara moja, kwa kuwa anajua jibu linapaswa kuwa la ukubwa gani. Aliyepokea atainakili 0.086 kwa mwandiko mzuri na kuipigia mstari. Tena katika vikokotoo vya grafu kama TI-84 Plus ya kampuni ya Texas Instruments, herufi A hadi Z ni ghala moja linalotumiwa na programu zote, hivyo programu ya rafiki inayohifadhi kitu kwenye A hufuta kimyakimya ulichokuwa umekiweka hapo.

Upande wa pili huogopa udanganyifu, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kumbukumbu inayobeba programu hubeba pia maelezo ya somo zima. Mwaka 2020 Texas Instruments iliondoa katika TI-84 Plus CE uwezo wa kuendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya ndani ya mashine, ikitaja usalama wa mitihani, na wapenzi wa kuandika programu wakalalamika kwamba wameadhibiwa kwa makosa ya wengine. Binafsi naona malalamiko yao yalikuwa ya haki, ingawa naelewa kampuni inayouza mashine za kuingia nazo kwenye mtihani inamsikiliza nani kwanza.

Kwa upande wetu, hata hivyo, marufuku si kinga pekee. Mtahiniwa wa KCSE huagizwa aonyeshe hatua zote za kazi yake, na huweza kupata alama kwa hatua sahihi hata jibu likikosewa. Programu inayotema mizizi miwili ya mlinganyo haimpi hata mstari mmoja wa hatua hizo. Pale marufuku yanapofanya kazi kwelikweli ni kwenye swali la kujaza jedwali na kuchora mkunjo kwa mkono, ambalo kikokotoo cha grafu kingelimaliza kwa kubonyeza vitufe vichache. Kuna pia suala la bei: TI-84 mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani, na kuiruhusu kungewatenga wenye uwezo na wasio nao katika darasa moja. Mtihani wa SAT wa Marekani, ulipohamia kwenye kompyuta, uliikwepa tofauti hiyo kwa kuweka kikokotoo cha grafu cha Desmos ndani ya mtihani wenyewe, lakini suluhisho hilo hudai kila mtahiniwa awe na kompyuta.

Kwa hiyo sioni sababu ya kulitaka baraza la mitihani libadilishe sharti lake. Ninachopinga ni sharti la chumba cha mtihani kufuatwa hadi chuoni, mahali ambapo hakuna anayelindwa nalo. Huko programu na zipeanwe, ila zipeanwe zikiwa wazi, kila mstari ukisomeka, bila nywila inayozifunga. Mhadhiri wa Egerton au Maseno anayetaka kulijaribu hili hahitaji kununua chochote: awapange wanafunzi wawili wawili, kila mmoja aandike programu ya kanuni ya trapeza katika simu yake, wabadilishane, kisha alama apewe yule atakayepata tarakimu zinazoiangusha programu ya mwenzake. Wa kwanza pengine ataingiza idadi ya vipande kuwa sifuri.