Kuuguza si bure, ila hatutoi risiti

Pesa ya bima imeingia leo asubuhi. Mwanangu wa mwisho aliumwa sikio, chekechea wakanipigia nikiwa kazini: homa imefika 38.5, njoo umchukue. Hapa Leipzig, Ujerumani, mtoto mwenye homa hawakai naye hata robo saa zaidi ya lazima. Nilimkuta ameshavalishwa koti, amewekwa mlangoni kama mzigo unaosubiri basi la Rombo. Nilikasirika. Halafu daktari akaandika karatasi, karatasi ikaenda bima, na leo nimelipwa sehemu kubwa ya mshahara wa siku zile nilizokaa ndani nikimpa dawa kwa kijiko. Kwa mwaka 2025 mzazi mwenye bima ya umma ana siku 15 za kuuguza kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 12, na mwenzake ana 15 zake. Anayelea peke yake anapewa 30. Ukiwa na watoto wengi kuna kikomo, lakini hata hicho kikomo ni cha mtu kupumua.

Nimefurahi, sifichi. Kisha nikafungua grupu la familia.

"Leo nani analala na mama?"

Mama amelazwa huko Moshi, sukari imepanda na kidonda cha mguu hakitaki kufunga. Swali liliandikwa saa tisa mchana. Kaka wa Dar akaweka ile mikono ya kuomba. Kaka wa Arusha akasema Mungu ni mwema, yeye yuko njiani kwenda Babati. Binamu akatuma mstari wa Zaburi. Saa kumi na mbili kasoro mdogo wangu, Mama Neema, akaandika: "Mimi." Hakuna aliyeshangaa. Swali lile huwa tunaliuliza kwa adabu tu.

Mwenye Mama Neema wake kwenye ukoo anyooshe mkono.

Huyu wa kwetu ana genge Mbuyuni, nyanya na vitunguu na hoho. Ana Neema wa darasa la pili na mwingine wa miaka miwili ambaye haruhusiwi kuingia wodini. Mama akilazwa, siku yake inaanza saa kumi alfajiri: anachemsha uji, anapika mtori mwepesi (ndizi chache, daktari kasema), anajaza hotipoti na chupa ya chai, anamwacha mdogo kwa jirani, anamwambia Neema ajifunge viatu mwenyewe, anapanda boda. Geti likifunguliwa anamwogesha mama, anabadilisha kanga, anakusanya za kufua. Dawa isipokuwepo anaandikiwa, anazunguka maduka ya dawa. Genge linafunguliwa saa tano, wateja wameshanunua kwa jirani, na nyanya za jana zimeanza kutoa maji. Jioni anarudi wodini. Alhamisi ni kikoba, kile chama cha kuwekeana akiba, na mwezi uliopita alichukua kausha damu, mkopo wa riba kali, kufidia hisa, jambo ambalo kaka zangu hawalijui na sasa watalijua.

Watoto wake wanakula kwa jirani, wanalala kwa jirani. Neema kaandikiwa na mwalimu kwenye daftari: mzazi afuatilie kazi za nyumbani. Mzazi yupo kwenye benchi la korido, anafuatilia majibu ya vipimo.

Sasa nasikia mmeanza. "Umeshakuwa Mzungu. Kumuuguza mama yako mzazi unahesabu nyanya?" Ndiyo, nahesabu. Na kabla hujaniambia nimesahau nilikotoka, nakukumbusha natoka Kibosho, kihamba chetu, shamba la ukoo, nakijua mgomba kwa mgomba, na huu mji ninaokaa ndio uliotuletea wamisionari Machame mwaka 1893, kwa hiyo tumekuwa tukitembeleana muda mrefu kidogo. Sina cha kuwaringia.

Wala sisemi huku ni peponi. Mtoto wa kwanza nilimzaa nyumbani. Mama na shangazi zangu walinifungia chumbani miezi mitatu, mtori asubuhi, mtori jioni, hakuna kushika ufagio, mtoto nikiletewa kunyonyesha tu na kuchukuliwa. Wa pili nimemzaa hapa. Mkunga alikuja mpaka nyumbani, kalipwa na bima, mwanamke mzuri sana, kampima mtoto uzito, kaangalia kitovu, kaandika, kaondoka. Mtori nilijipikia kwa ndizi mbichi za duka la Wavietnamu huku mshono unavuta. Siku hiyo ningetoa siku zote 15 za serikali nipate shangazi mmoja tu, tena yule mkali.

Na kazi yangu ni nyumba ya wazee. Naogesha mama za watu. Wapo ambao mtoto wao anakuja na maua, anakaa nusu saa akiwa na koti mwilini, anaangalia saa, anaondoka. Kule kwetu mama akilazwa, saa ya kuona wagonjwa mlinzi wa geti anagombana na ukoo mzima: jumuiya wamekuja, majirani wa kihambani wameshuka na gari la Noah, wajomba wameleta juisi. Nikiwasimulia wenzangu kazini wananikazia macho, na mimi nanyoosha shingo. Hilo sitalikana.

Ila juisi ikishanyweka na sala ikishafungwa, saa moja usiku geti linafungwa, na anayebaki ni Mama Neema. Wa kumwona mgonjwa ni wengi. Wa kulala naye ni yule yule.

Kwa mila zetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na kwa hiyo ndiye wa kuwatunza. Vizuri sana. Nendeni mkaangalie ni mkono wa nani unaoshika taulo. Ni wa mke wake, au wa dada aliyeachika akarudi, au wa dada mwenye "kazi ndogo ndogo" ambazo tunadhani zinaweza kusubiri. Genge linaitwa kazi ndogo siku ya zamu. Siku ya mchango wa harusi linaitwa biashara.

Wenye ajira nao hawako mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ilipotungwa mwaka 2004 iliweka siku nne za likizo ya malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Kwa mzazi, orodha ile ilitaja kifo peke yake. Mama akiwa hai anahangaika na kidonda, omba ruhusa kwa huruma ya bosi. Akifa, siku zako hizi hapa. Labda ndiyo maana misiba yetu inajaa namna ile: ruhusa inapatikana. Na Mama Neema, ambaye bosi wake ni nyanya, sheria hiyo haimjui kabisa.

Huku tangu mwaka 1995 kuna bima ya utunzaji. Nakatwa kila mwezi, nasaga meno kila nikiangalia karatasi ya mshahara. Lakini mzee akishindwa kujiogesha, anakuja mkaguzi, anauliza maswali, anamweka kwenye daraja. Mzee wa daraja la 3 anayetunzwa nyumbani, kwa viwango vya 2025, anapata euro 599 kwa mwezi, na anaweza kumpa binti anayemtunza. Mfanyakazi ana mpaka siku 10 kwa mwaka za kupanga utunzaji wa mzazi, na analipwa. Kuna fomu nyingi za kuchosha roho, kuna kusubiri, kuna mzee anakataliwa kwa sababu siku ya ukaguzi alivaa vizuri akajifanya mzima. Hata hivyo kuna mahali, kwenye meza ya mtu fulani, imeandikwa kwamba binti huyu anafanya kazi.

Najua serikali yetu haiwezi kesho asubuhi kumlipa kila anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023 na hata hiyo bado tunaisubiri ituguse. Siombi serikali. Naongea na grupu la familia.

Nilipoandika humo kwamba kila mwezi mama akiwa mgonjwa tumtengee Mama Neema hela yake, mbali na ya dawa, mbali na ya nauli, ya genge na ya watoto wake, palizuka ukimya wa masaa. Halafu kaka wa Dar: "Tusianze kulipana kwenye damu." Kaka, kwenye damu tunalipana kila siku. Wewe shamba la migomba la upande wa chini ulilipata kwa damu. Binamu wa Zaburi akasema Mungu atamlipa. Naamini atamlipa, lakini Alhamisi kikoba hakipokei hiyo. Shangazi, ambaye namheshimu, akasema wanawake wa zamani walifanya yote haya bila kulalamika. Shangazi, nakumbuka ulivyokuwa ukilalamika. Nilikuwa nakaa jikoni, nikisikia.

Na mwingine, mtu asiyejulikana hata anachangia shilingi ngapi, akauliza: "Basi si uje wewe ulale naye?" Swali halali. Nikija, mshahara unaolipia vipimo unakatika, na bima ya huku hainilipi kukaa Moshi. Nimelipima mara nyingi usiku kuliko yeye alivyolipima kabla ya kubonyeza kutuma. Nitakuja Desemba, wakati kila Mchaga anakuja, na tutakaa kihambani tukisema familia yetu ina upendo.

Hela ya kwanza nimeshaituma mwenyewe, sikusubiri kikao. Mama Neema alinipigia, nikadhani anataka kushukuru, kumbe ana lake. Anasema pesa ni nzuri, amefunga nayo mdomo wa kausha damu, lakini anachotaka ni usiku mmoja alale na watoto wake. Ijumaa. Kaka wa Arusha yuko saa mbili tu kwa gari, aje Ijumaa moja.

Kaka kajibu wodi ya wanawake mwanaume halali. Kweli, halali. Nikamwambia basi amlete shemeji alale wodini, na yeye asubuhi akae gengeni auze nyanya. Kasoma, tiki zimekuwa za bluu tangu jana.