Hatari ya daktari wa nguruwe haiko kwenye homa ya nguruwe

Homa ya nguruwe ikitangazwa, wafugaji wa Kibamba na Pugu, Dar es Salaam, huanza kumkwepa hata daktari wa mifugo, asije akaingia na buti zilizotoka banda la jirani. Wana haki, maana ugonjwa ule ukiingia unaweza kufagia banda zima. Lakini binadamu haumpati. Yanayompata daktari mwenyewe ni mengine, na hayapigiwi mbiu.

Mfano ni bakteria aitwaye Streptococcus suis. Hukaa puani na kooni mwa nguruwe aliyenenepa vizuri, bila dalili yoyote. Akipenya kwenye mkwaruzo wa kidole anaweza kuleta homa ya uti wa mgongo, na wengi wanaopona hubaki na tatizo la kusikia. Mwaka 2005 huko Sichuan, China, waliugua watu zaidi ya 200 na 38 wakafa. Karibu wote walikuwa wamechinja au kushika nguruwe wagonjwa au mizoga.

Hapo wasiotaka kanuni kali za kumkinga daktari hupata hoja: walioumia ni wakulima na wachinjaji. Hata virusi vya Nipah, vilivyoua watu zaidi ya 100 Malaysia mwaka 1998 na 1999, viliwapata hasa wafugaji wa nguruwe. Daktari anachoma sindano na kuondoka. Mchinjaji wa kitimoto anashinda na damu. Sikatai. Ila daktari huitwa nguruwe akishaugua, au uzazi ukikwama, na hapo mkono unazama hadi kiwiko. Muda mfupi huo una uzito wake.

Kwenye vifaa vya kujikinga nawaunga mkono hao wasiotaka kanuni kali. Ovaroli, barakoa na miwani chini ya bati la Dar, Februari, saa saba mchana? Aliyeandika kanuni kama hiyo hajawahi kumkamata nguruwe jike. Ningeanza na glavu, buti, sabuni na plasta juu ya kila kidonda. Na mwenye mafua abaki nyumbani, kwani nguruwe nao huyapata kutoka kwetu.

Kinachonisumbua zaidi ni fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri. Huyu anayeitwa kwa simu na kulipwa nguruwe kwa nguruwe, mwajiri wake nani? Akifika hospitali na homa kali atapimwa malaria kwanza, na asiposema mwenyewe kwamba juzi alimzalisha nguruwe, sidhani kama kuna atakayemuuliza.