Alhamisi kwa Nizamuddin: msafiri aende au asiende?

Wanaorudi Dar kutoka kuuguza mtu Delhi mara nyingi huja na hadithi mbili: ya hospitali na ya kaburi la walii wa Kisufi, Nizamuddin Auliya. Ya pili ndiyo inayochachua baraza la kahawa Magomeni. Mmoja atasema alipata utulivu ambao hajauona popote. Mwenzake atasema alikamuliwa hela tangu alipovua viatu. Wa tatu, wa msimamo wa Ansar Sunna, atakata shauri: makaburi hayazuriwi kwa namna ile, basi. Huyo simjibu leo. Lake ni la itikadi, langu ni la msafiri.

Wenye manung'uniko wana hoja. Kichochoro cha kuingilia ni chembamba, kimejaa wauza mawaridi na shuka za kufunikia kaburi, na Alhamisi jioni, kawali, kasida za Kisufi za huko, zikianza, ni Kariakoo ya mkesha wa Idi. Mtunza viatu anadai chake. Ndani unafunguliwa daftari la michango, tarakimu zake nono kuliko mfuko wako. Mswahili aliyezoea maulidi, ambako mgeni huwekewa sinia la pilau kwanza, anajiona kafanywa mtalii ilhali kaja kama ndugu wa dini. Hapo ndipo panapouma.

Lakini wenye madaftari si wahuni wote. Walii yule, aliyefariki mwaka 1325, hakuoa. Wanaohudumu pale hujihesabu ukoo wa jamaa zake, na nadhiri za wageni ndizo riziki yao. Toa noti ndogo, sema ahsante, pita. Wengi wetu hukamuliwa na haya ya kukataa, si na ubavu wa mtu.

La wanawake ndilo linalonishinda. Chumba cha kaburi hawaingii. Hukaa nje ya kimia cha marumaru, wakifunga nyuzi zao za nadhiri. Kwenye kaburi la walii Haji Ali, Mumbai, nako walizuiwa, hadi Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua waingie, 2016. Mama aliyevuka bahari na mwanawe mgonjwa, akasimamishwa hatua tatu kabla ya kaburi, mimi mtetezi wa ziara sina la kumwambia.

Aende, basi, ila asubuhi ya siku ya kawaida. Najua watakaosema bila Alhamisi hujaona kitu, maana usiku wa kuamkia Ijumaa ndio wenyewe, kama dhikri za zawiya zetu. Kweli, kwa mwenye afya. Mgonjwa mwenye mshono wa wiki moja abaki alikofikia. Aliyemsindikiza atamfikishia dua yake, na simu aiache mfukoni.