Ishusheni Yote

Gereji yangu iko Tabata, chini ya mwembe. Ijumaa moja mama mmoja alileta IST kubadilisha oili na filta tu. Kesho yake anawahi harusi Morogoro. Vijana wakaipiga jeki, wakaweka stendi, mimi nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta boljoint za Noah ya mtu mwingine.

Saa tano mama akanipigia kuulizia gari lake. Nikampigia kijana wangu mkubwa. Nyuma yake grenda inalia mpaka simu inatetemeka.

"Dogo, IST tayari?"

"Tayari, bosi."

"Basi ishusheni, mwenyewe anakuja."

Kimya kidogo. "Tuishushe? Yote?"

"Sasa mnataka kuacha nusu hewani? Yote!"

Gereji ukisema "shusha" bila kutaja kitu, jiandae kukuta chochote kilichokuwa juu kiko chini. Na mwalimu wangu wa Kiswahili alishanichapa kwa hili: gari ni "lishusheni", injini ndiyo "ishusheni". Kumbe vijana wangu darasani walisikiliza.

Foleni ya Buguruni ikanirudisha saa tisa. Nikakuta injini imekaa juu ya tairi kuukuu, imetulia kama bibi harusi mkekani, winchi bado inaning'inia mwembeni. Vijana watatu wamelowa jasho, wananitazama kwa lile tabasamu la watu wanaosubiri kununuliwa soda.

"Imeshuka yote, bosi. Hatujaacha kitu."

Kabla sijafungua mdomo, bajaji ikasimama. Mama huyo, nywele zimeshasukwa za harusi. Akaitazama ile injini, akatikisa kichwa.

"Maskini! Hii ya nani?"

Dogo, mwepesi wa kujibu kama kawaida yake: "Ya IST, mama."

"Poleni. Mwenyewe ana kazi." Akapita kwenda kutafuta gari lake.

Nilitamani nijitumbukize kwenye ndoo ya oili chafu.

Hakupiga kelele. Kelele ningezizoea. Alivuta benchi, akajifunga khanga kiunoni, akasema haondoki mpaka irudi mahali pake. Usiku kucha yeye ndiye aliyeshika tochi. Mimi nikisema "nipe hiyo", naletewa plaizi; nikisema "siyo hiyo, ile", naletewa nyundo.

Karibu na alfajiri nikasikia sauti yake, taratibu kabisa: "Mwanangu, acha hiyo spana kumi na mbili. Chukua kumi na nne, iko hapo karibu na goti lako la kushoto."

Kijana akaichukua mara moja.