Karamu ya Cleveland na majina yasiyoandikwa

Upande wa mashariki wa jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, kuna jumba la sanaa ambalo Mswahili akisoma jina lake atasikia njaa: Karamu House. Wenyewe huwaeleza wageni kwamba neno hilo ni la Kiswahili na maana yake ni mahali pa kukusanyika kwa furaha. Sisi tunajua karamu ni sinia la pilau na watu waliolizunguka; mahali penyewe ni ukumbi, au uwanja, au kibaraza cha mwenye shughuli. Lakini tusiwabane kwa hilo. Neno wamelitunza tangu miaka ya 1920, na wamelifanyia kazi kuliko wengi wetu.

Jumba lilianzishwa mwaka 1915 na mume na mke Wazungu, Russell na Rowena Jelliffe. Wakati huo Weusi walikuwa wakimiminika kutoka majimbo ya Kusini kuja kutafuta kazi viwandani: Cleveland ilikuwa na Weusi wapatao 8,400 mwaka 1910, na kufikia 1920 walikuwa wamepita 34,000. Mchezo wa kwanza, mwaka 1917, ulichezwa na watoto, Weusi na Wazungu pamoja. Mshairi na mwandishi Mweusi Langston Hughes alikuwa akienda pale enzi za sekondari, na miaka ya 1930 michezo yake kadhaa ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na kikundi cha hapo hapo. Moto ukaunguza jukwaa mwaka 1939. Wakajenga upya, wakafungua 1949.

Nimeanza na Karamu kwa sababu ndani yake kuna mvutano wote wa jambo ninalotaka kulipima. Marekani imejaa vikundi vya maigizo vya mitaani na makanisani vinavyowafundisha vijana Weusi urithi wao na historia za familia zao. Je, vijana wanapewa historia, au wanapewa hadithi ya kuwaliwaza?

Wanaotetea wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya karatasi. Kijana Mweusi wa Marekani akianza kufuatilia ukoo wake kwenye sensa, kwa kawaida hugota mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa, ndiyo ya kwanza kuwaandika mamilioni ya waliokuwa watumwa kwa majina yao. Ukirudi nyuma hadi 1860 na 1850, unakuta majedwali ya watumwa: jina la bwana limeandikwa vizuri, na chini yake safu za umri, jinsia na rangi ya watu. Mwanamke, 30, mweusi. Mtoto wa kiume, 4, chotara. Karibu wote hawana jina. Nyanya wa nyanya yako huenda yumo katika mstari mmojawapo, na hakuna njia rahisi ya kujua ni upi.

Mwalimu wa historia akifika hapo hufunga daftari, kwa sababu karatasi imeisha. Mwigizaji ndipo anapoanza. Anamtuma kijana kwa bibi yake akaulize: mlikuwa mkila nini, nani alihama kwanza kuja Kaskazini, kwa nini mjomba fulani hatajwi? Kijana ambaye hajawahi kukaa na bibi yake zaidi ya dakika kumi bila simu mkononi, sasa analazimika kumsikiliza ili apate maneno ya kusema jukwaani. Hata mchezo wenyewe ukiwa mbovu, mazungumzo hayo yamekwisha kufanyika.

Kuna na hoja ya shule. Januari 2023 jimbo la Florida lilikataa somo jipya la historia ya Wamarekani Weusi lililotayarishwa kwa ajili ya sekondari. Mtaala ukiwa mikononi mwa wanasiasa, jukwaa la mtaa linakuwa darasa ambalo gavana hana ufunguo wake.

Sasa upande wa pili, nao si wa kupuuzwa. Kwanza, pengo la karatasi linashawishi. Kila mtu anataka kuwa mjukuu wa mfalme. Ukitazama michezo ya aina hii, Afrika yake mara nyingi ni ya mataji na ngoma, na mkulima wa mtama haonekani. Mwandishi Mweusi Alex Haley aliposimulia ukoo wake katika kitabu chake Roots mwaka 1976, na televisheni ikauonyesha mwaka uliofuata kwa usiku nane mfululizo, Wamarekani wa kila rangi walikimbilia kutafuta mababu zao. Baadaye wataalamu wa nasaba walichunguza nyaraka wakakuta hazilingani na simulizi yake. Kazi ile ilifungua mlango, sikatai. Lakini iliingia nyumbani mwa watu ikiwa imevaa vazi la ushahidi.

Pili ni maumivu. Mtoto wa miaka 12 akipewa nafasi ya mtumwa anayechapwa viboko, anajifunza nini mwilini mwake? Na katika kikundi ambacho wote ni Weusi, nani anashika kiboko? Lazima mmojawao. Wapo wazazi wanaosema watoto wao wanarudi nyumbani wakijua mateso ya mababu kuliko akili zao, ufundi wao na mizaha yao. Hapa naegemea upande wa wazazi. Mtunzi mvivu hukimbilia kiboko kwa sababu ukumbi utanyamaza tu, hata mchezo ukiwa hauna kitu.

Tatu ni nani mwenye jumba. Msomi Mweusi W.E.B. Du Bois mwaka 1926 aliweka masharti manne ya tamthilia ya Weusi: iwahusu wao, itungwe na wao, iwe kwa ajili yao, iwe karibu nao. Kwa kipimo hicho Karamu ya Wazungu wawili ingekwama mlangoni. Mimi sioni sharti la pili likitosha kuwa hukumu, maana Weusi wenyewe walilipanda jukwaa lile wakalifanya lao. Ila ni kweli kwamba anayetoa fedha huwa na mapenzi yake, na mara nyingi mapenzi hayo huanza na kuisha Februari, mwezi wa historia ya Weusi.

Kabla hatujawacheka kwa wafalme wao wa kubuni, tujitazame. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Si zamani. Lakini muulize mtu wa pwani asili yake: utasikia Shirazi, utasikia Hadhramaut. Ni nadra kusikia "babu wa babu yangu alinunuliwa." Kule Marekani kijana anasimama mbele ya mtaa mzima akalitangaza neno ambalo huku hunong'onwa wakati wa posa, pale mmoja wa wazee anapotaka kuvunja ndoa. Kwa ujasiri huo, wao wametutangulia.

Kwangu mimi, basi, kubuni si kosa. Kosa ni kubuni kisha kuficha. Jina Karamu lenyewe limebuniwa: Waafrika wengi mno waliopelekwa Marekani walitoka magharibi na magharibi ya kati ya bara hili, na mababu wa Cleveland hawakuwa wakiongea Kiswahili. Kiswahili walikichagua baadaye, kama msomi Mweusi wa Marekani Maulana Karenga alivyokichagua mwaka 1966 alipoasisi Kwanzaa, sikukuu ya Weusi wa huko, na nguzo zake saba. Nguzo ya pili anaiita kujichagulia. Mswahili angesema kujiamulia, lakini maelezo yake yana jambo: kujitaja wenyewe na kujipa jina wenyewe.

Ningekuwa mwongozaji wa mchezo wa vijana, ningeanzia hapo. Nisingeweka kiboko wala taji. Ningemsimamisha binti mmoja na nakala ya jedwali la 1860, asome mstari kama ulivyo: mwanamke, 30, mweusi. Anyamaze kidogo. Kisha ampe mwanamke huyo jina, lolote alipendalo, na kabla mchezo haujaendelea awaambie watazamaji kwamba jina hilo amelitoa yeye, halimo kwenye karatasi.