Herufi H na Pijo ya Baba

Jumapili iliyopita, katika uwanja wa kuegesha magari wa duka moja kubwa pembezoni mwa Bremen, mzee wa Kijerumani aliniomba nilisikilize gari lake. Maduka huku hufungwa Jumapili, kwa hiyo viwanja hivyo hubaki vitupu, na wenye magari ya kale huvigeuza barza yao: kila mtu huja na gari lake, kiti cha kukunja, chupa ya kahawa na keki iliyookwa nyumbani, kisha asubuhi nzima hupita watu wakiinamia boneti zilizo wazi na kuulizana maswali ambayo majibu yake wanayajua. Nilikuwa nimeegesha Peugeot 504 yangu ya mwaka 1979 kando ya nyingine ya rangi ya maziwa, na mwenye hiyo ndiye aliyenijia. Gari lake lilikuwa linamisi, yaani injini ikikatakata, na hata likiwa limesimama lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Niliomba kiberiti. Watu wawili wakaninyoshea viberiti vya gesi, nikawaambia ninataka kile cha njiti. Kilipopatikana, nilifungua kifuniko cha distributa, ile inayogawia plagi umeme, nikachana ule ubavu wa kiberiti unaokwaruziwa njiti, nikaupenyeza katikati ya pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana mle ndani, na kuzisugua taratibu, kama nilivyomwona fundi wetu wa Changamwe, kule Mombasa, akifanya miaka nenda miaka rudi chini ya mwarobaini. Mwanya nikaupima kwa kipande cha paketi ya sigara. Mzee alipopiga stati, injini ilitulia hata ungeweza kusimamisha kikombe cha kahawa juu yake. Akaniuliza ufundi nimesomea wapi. Nikamjibu kwamba ni Changamwe, naye akaniomba nimtajie jina hilo herufi moja moja, akaliandika kwenye daftari lake.

Kisha akauliza swali lililonitia uchungu mdomoni pamoja na keki yake: bila shaka kwenu bado mnazo nyingi sana?

Tulikuwa nazo. Baba yangu alikuwa na 504 ya viti vya safu tatu, Pijo kama tulivyoiita sote, na kwa miaka mingi ilibeba abiria kati ya Mombasa na Malindi. Haikuuzwa kwa sababu ilikufa. Iliuzwa kwa kilo, ikiwa inatembea, kwa wanunuzi wa chuma chakavu waliokuja na mizani na shoka, kwa sababu watoto wake, nami nikiwamo, tulikuwa tumechoka kuonekana ndani yake. Hilo sikumwambia mzee wa watu. Nilimwambia kwamba zimepungua.

Jambo linalonisumbua tangu siku ile ni dogo sana, nalo ni herufi moja. Hapa Ujerumani gari likitimiza miaka 30 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na mkaguzi akiridhika kwamba limetunzwa na halijapoteza asili yake, huongezewa herufi H mwishoni mwa namba yake, kutokana na neno lao lenye maana ya kihistoria. Kwa herufi hiyo mwenye gari hulipa kodi moja ya mwaka, euro 191.73, bila kujali ukubwa wa injini, na huruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji ambayo magari mengine yenye moshi wa namna hiyo yamepigwa marufuku. Lakini si kodi inayowafurahisha. Mtu akiwa na H, polisi humpungia mkono, watoto hugeuza shingo, na jirani ambaye kwa miaka miwili hakunijibu salamu alivuka barabara kuja kuniuliza kama kiti cha nyuma ni cha asili.

Kwetu nako namba husomwa, tena kwa makini kuliko Ulaya, ila husomwa kinyume. Hakuna Mkenya asiyejua kukadiria umri wa gari kwa herufi zake, na hakuna askari wa lango la hoteli asiyejua ni namba gani ifunguliwe lango kwa saluti na ni ipi iulizwe inampelekea nani mzigo. Siku tulipokwenda kumposea kaka yangu huko Likoni, ami yangu aliamuru Pijo ifichwe nyuma ya nyumba, kisha akakodi gari la namba mpya ambalo kipoza hewa chake hakikufanya kazi. Tulikwenda tukilowa jasho, madirisha yamefungwa, ili wakwe waamini kwamba ndani kuna baridi. Pijo yenyewe ingetufikisha na upepo wa bahari.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba huyu amekaa Ulaya siku mbili, sasa amekuja kutufundisha kuipenda mikweche. Basi na ijulikane kwamba mimi ni dereva wa basi la mji. 504 yangu niliinunua ikiwa haitembei, imeota kutu mpaka sakafu, nikaitengeneza kwa mikono yangu katika majira mawili ya baridi, ndani ya banda la kukodi ambalo halina hita. Sisemi kwamba Wajerumani wametushinda kwa mapenzi ya magari. Wengi wao hawajui hata kusafisha plagi. Magari yao hulala chini ya shuka na hutoka siku za jua tu, ilhali Pijo ya baba ilipita njia ya Malindi masika na kiangazi ikiwa na mbuzi juu ya keria. Ujuzi wa kuyaweka hai magari haya uko kwetu.

Mwingine atanikumbusha mashindano ya magari na pikipiki za kale pale uwanja wa farasi wa Ngong, jijini Nairobi, yanayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Nayajua, tena nayaonea fahari: yalianza mwaka 1971, yaani miaka 26 kabla Wajerumani hawajabuni hiyo herufi yao ya H, na waamuzi wake hawaishii kwenye rangi bali huchungulia hata chini ya gari kutafuta tone la oili. Tangu mwaka 2003 kuna pia mbio za Safari Rally za magari ya kale, ambayo wageni huja nayo kutoka kila pembe. Nani asiyejua kwamba kwetu huko ndiko Peugeot ilikopata jina? Bert Shankland wa Tanzania alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967 kwa 404, na 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Wazee wa Bremen huyataja mambo hayo wakiwa wamekodoa macho, nami hukaa pale nikivimba kichwa kana kwamba nilikuwa nimeshika usukani. Lakini niambie, ndugu msomaji, katika hao wanaokwenda Ngong kila mwaka, yuko wapi mwenye Pijo wa Kisauni? Yeye akiliosha gari lake Jumapili, majirani humuuliza atalibadilisha lini.

Na yuko wa tatu, ambaye ndiye ninayemheshimu zaidi, atakayesema kwamba gari kwetu ni jembe, na hakuna mkulima anayelitundika jembe kuukuu ukutani alitazame. Sheria ya kutoruhusu kuingiza Kenya gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 ina sababu zake, na spea za 504 si za kuokota njiani. Nakubali. Hata hivyo natamani angekuwa nami asubuhi ile aione Trabant iliyoegeshwa mstari wa pili. Ni gari la Ujerumani Mashariki, bodi yake imetengenezwa kwa mabaki ya pamba yaliyogandishwa kwa gundi ya kiwandani, injini yake ina silinda mbili tu, na mafuta yake huchanganywa na oili kama ya pikipiki za zamani, kwa hiyo likiwashwa uwanja mzima huvaa moshi wa buluu. Watu walilisubiri zaidi ya miaka kumi katika orodha ya serikali. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 wakalionea haya usiku mmoja, na wengi wakayaacha yao kando ya barabara. Mama aliyekuja nalo aliniambia kwamba baba yake alikuwa akiliegesha mitaa miwili mbali na kazini ili wenzake wa Magharibi wasimwone. Nilicheka mpaka akaniuliza kuna nini. Ningemwelezaje Likoni? Leo Trabant hiyo ina H yake, nayo ndiyo iliyozungukwa na watu wengi kuliko Mercedes zote za pale, na pesa za mwenyewe hazijaongezeka kwa ajili hiyo hata senti. Kilichobadilika ni macho ya watu, na macho hayauzwi kwa euro.

Jioni ile nilimpigia ndugu yangu simu kuuliza kama kuna chochote kilichosalia cha Pijo yetu. Alifikiri kidogo, akasema ipo boneti. Wale wa mizani waliiacha kwa sababu mama aliishikilia, na mpaka sasa ndiyo mlango wa banda la kuku, imefungwa kwa waya, nembo ya simba ikiwa bado mahali pake. Nikamsihi aing'oe, aioshe na kuiweka ndani mpaka nije. Akaniuliza kuku watalala wapi, kisha akataka kujua Wajerumani siku hizi wananunua chuma kilo kwa bei gani.